Mabaki Si Bure

Anayesema "tumia mabaki ya kitambaa" huwa na nyumba fulani akilini. Kabati limejaa, kikapu cha vipande hakina kazi, na mwenye kikapu anatafuta njia ya kujisamehe kwa kununua kupita kiasi. Kwake yeye, kitambaa chembamba cha kupitisha katikati ya meza, kilichoungwa kwa vipande na kushonwa tabaka mbili au tatu kama mfarishi, ni toba nzuri: kinapunguza kikapu, kinapamba meza, na kinampa cha kuwaonyesha wageni. Ushauri huohuo ukifikishwa Giteranyi hukutana na swali dogo. Mabaki gani?

Giteranyi iko kaskazini-mashariki mwa Burundi, upande wa mpaka wa Tanzania, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga. Nasema "uliokuwa" kwa sababu mageuzi ya utawala yaliyoanza kutekelezwa mwaka 2025 yamepunguza mikoa ya nchi kutoka 18 hadi 5, na Muyinga imeunganishwa na Cankuzo na Ruyigi kuwa mkoa mmoja wa Buhumuza. Serikali nayo, basi, imeingia katika kazi ya kuunga vipande. Kama mishono itashika, wananchi ndio watakaotoa taarifa.

Katika soko la sehemu kama hii, fundi cherehani hukaa barazani na mashine ya kukanyaga kwa mguu, Singer ya zamani au Butterfly ya Kichina, chombo ambacho hakijali umeme upo au haupo. Chini ya mashine huanguka vipande, na kila kipande kina mwenyewe kabla hakijagusa sakafu. Cha kaki kinawekwa kando, maana sare ya mwanafunzi itarudi na goti lililotoboka kabla muhula haujaisha. Vyepesi vya pamba vinachukuliwa na akina mama kwa ajili ya watoto wachanga, na vingine kwa ajili ya hedhi. Vilivyo vidogo mno hujaza mto. Virefu hufunga mzigo wa maharage au mbuzi mkaidi. Kilichochakaa kabisa hushikia sufuria ya moto, na kikishindwa hata hilo, huwashia mkaa. Mtu akija na mpango wa "kuokoa" vipande hivi, anapaswa kueleza anaviokoa kutoka kwa nani.

Kuna pia suala la umiliki, ambalo vitabu vya ushonaji hulipita kimya. Mteja wa Afrika Mashariki huleta kitambaa chake mwenyewe. Kwa hiyo mabaki, kisheria, ni yake. Kiutendaji, ni ya fundi. Katikati ya sheria na utendaji ipo historia ndefu ya kutoaminiana, ambamo mteja huapa kwamba alileta yadi sita na fundi huapa kwamba kitambaa kilikuwa chembamba. Kikundi chochote kinachotaka kuishi kwa mabaki kitalazimika kwanza kumaliza ugomvi huu, kwa kununua vipande kwa fundi kwa bei inayojulikana, hata kama ni ndogo. Kipande kikishakuwa na bei, hakiitwi tena takataka, na hesabu ya kazi nzima inabadilika.

Tuangalie kitambaa chenyewe kinatoka wapi. Burundi hulima pamba katika bonde la Imbo, magharibi ya nchi, na Bujumbura ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, COTEBU, kilichosokota, kufuma na kutia rangi mpaka kilipofungwa katikati ya miaka ya 2000. Baadaye kampuni ya Afritextile ilianza kazi palepale. Lakini vitenge vinavyoonekana sokoni ni vya kigeni kwa sehemu kubwa, na kwa watu wa Muyinga njia ya karibu ya bidhaa ni Kobero, mpakani na Kabanga ya Tanzania. Ukingo wa kitenge mara nyingi huapa kwa maandishi kwamba ni nta halisi ya Uholanzi. Kitambaa ambacho hakijawahi kuikanyaga Ulaya huapa kwa sauti kubwa kuliko vyote.

Ubavuni mwa vitenge ipo mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza hadi kuiondoa ifikapo 2019, ili viwanda vya ndani vipumue. Marekani ikatishia kuziondoa nchi husika katika mpango wake wa AGOA wa kuuza bidhaa kwake bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ikashikilia ushuru wake, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa katika mpango huo. Burundi ilikuwa imekwishaondolewa tangu Januari 2016 kwa sababu za kisiasa, kwa hiyo haikubaki na cha kunyang'anywa. Mitumba ilibaki. Kwa mshonaji wa vipande hii si habari mbaya hata kidogo: shuka la pamba lililochoka huko lilikotoka ni bitana nzuri hapa, na shati lenye kola iliyokwisha lina mgongo mzima ambao haujafanya kazi.

Sasa tuingie katika hesabu, kwa sababu hapa ndipo maneno ya kubana matumizi huanza kuyumba. Kitenge cha yadi sita kina urefu wa karibu mita 5.5 na upana wa karibu mita 1.15, yaani zaidi kidogo ya mita za mraba 6. Katika ushonaji wa viwandani hukadiriwa kwamba karibu asilimia 15 ya kitambaa hupotea katika ukataji. Tukichukua kiwango hicho, gauni na kilemba chake huacha vipande vya karibu mita moja ya mraba. Kitambaa cha meza cha sentimita 30 kwa 150 kina eneo la mita za mraba 0.45. Kwa karatasi, mabaki ya mteja mmoja yanatosha meza mbili.

Kwa karatasi tu. Mabaki hayaji katika umbo la mraba. Huja katika umbo la kwapa, shingo na nusu mwezi. Tena kila kipande kinachoungwa hudai sehemu ya kuingia ndani ya mshono. Tuseme sehemu hiyo ni robo tatu ya sentimita kila upande. Ukitaka miraba ya sentimita 10, unakata ya 11.5, na unahitaji 45 kwa meza nzima: karibu mita za mraba 0.6. Robo ya kitambaa imefichwa chini. Ukitaka miraba ya sentimita 5, unakata ya 6.5, na unahitaji 180: mita za mraba 0.76. Hapo sehemu mbili kwa tano za kitambaa zimekwenda kulala ndani ya mishono, mahali ambapo hakuna mgeni atakayeziona. Urefu wa mishono ya kuunga nao unapanda kutoka mita 7 hivi hadi mita 16. Uzi hununuliwa. Macho hayanunuliwi, ila huchoka.

Kwa hiyo anayeshona kwa vipande vidogo sana ili asipoteze kitu, anapoteza kitambaa zaidi, uzi zaidi na muda zaidi kuliko yule aliyekubali kutupa vidogo kwenye mto. Urembo wa vipande vidogo ni anasa, na anasa haina ubaya alimradi mtu anajua kwamba ndiyo anayoifanya.

Njia ya busara kwa mabaki ya kitenge ni kuanzia umbo ambalo fundi hulipata bila kulitafuta. Ukataji wa sketi na gauni huacha vipande virefu vyembamba kandokando ya kitambaa, sambamba na nyuzi za mtande. Hivi vikiungwa kwa urefu, vitano au sita, meza inapata mistari mirefu na mishono michache. Vipande vilivyokatwa mshazari, kama vya shingo na mikono, huvutika. Ukiviweka katikati ya vilivyonyooka, kitambaa kitajikunja baada ya kufuliwa mara ya kwanza na hakuna pasi ya mkaa itakayokirudisha. Hivyo ndivyo vya mto.

Kabla ya kuunga chochote, vipande vifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, kila rangi kali ikibanwa na kitambaa cheupe. Kitenge cha bei ya chini kinachotoa rangi kitaitoa tena siku mchuzi utakapomwagika, na siku hiyo kitakuwa kimezungukwa na majirani weupe. Vifuliwe pia kwa sababu pamba ya aina mbalimbali hupungua kwa kadiri mbalimbali, na ni afadhali ugomvi huo ufanyike ndani ya beseni kuliko juu ya meza. Kisha uzi mmoja wa kila kipande uchomwe moto. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu. Polista huyeyuka na kuacha punje ngumu. Kwenye kitambaa kitakachowekewa sufuria ya maharage iliyotoka jikoni, tofauti hiyo ina umuhimu zaidi kuliko rangi.

Tabaka la katikati halihitaji kununuliwa. Blanketi kuukuu, taulo lililochakaa au shuka nzito ya mitumba vinatosha, maana meza inataka bapa, haitaki mto. Bilauri juu ya uso uliofura haikai. Tabaka zote tatu zitandazwe, zishikizwe kwa bandi ndefu kuanzia katikati kwenda nje, kisha zishonwe pamoja kwa mistari iliyo mbali kiasi cha kiganja. Mashine ya kukanyaga huweza kazi hiyo vizuri, ikiendeshwa polepole na sindano ikiwa mpya. Mwisho utepe wa kuzungusha pindoni, karibu mita 3.6, ambao nao unaweza kutoka katika ukingo wa kitenge, upande wenye kiapo cha Uholanzi ukifichwa ndani.

Ustadi wa kuunga vipande si mgeni pwani wala bara. Kanga, vazi linalodhaniwa kuwa lilizaliwa zima, inasimuliwa kuwa ilianza katika karne ya 19 pale wanawake wa pwani walipoanza kununua leso zilizochapwa, wakaziunga sita sita, tatu juu na tatu chini, kupata nguo moja yenye sura mpya. Wafanyabiashara wakaona, wakachapa nguo nzima yenye sura hiyo, na mshono ukaondoka. Bara, kabla ya kitambaa cha dukani, kulikuwa na nguo ya gome la mti wa mutuba, ambayo nchini Uganda bado inatengenezwa. Matundu yaliyoachwa na matawi huzibwa kwa viraka vya gome hilohilo. Huko India, katika jimbo la Karnataka, Wasiddi, ambao ni uzao wa Waafrika, wengi wao wakiwa wametoka upande huu wa bahari, hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo zilizochakaa. Mshonaji huanzia pembezoni na kuzunguka akielekea katikati, kwa bandi ya mkono, na hafungi kazi mpaka aweke ua la vipande kila kona. Mfarishi usio na ua huhesabiwa kuwa uko uchi.

Kawandi ni ya kulalia na kujifunika. Hivyo pia mifarishi ya Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi katika jimbo la Alabama, iliyoshonwa kwa nguo za kazi kwa sababu nyumba zilipitisha upepo. Leo imetundikwa katika majumba ya makumbusho; maonyesho makubwa yalianzia Houston mwaka 2002, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaichapa kwenye stempu. Habari yenye faida kwa Giteranyi, hata hivyo, ni ya kabla ya hapo. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika, Freedom Quilting Bee, na mwaka 1972 ushirika huo ukapata mkataba na kampuni ya Sears wa kushona foronya za kitambaa cha kodrai. Fedha ilitoka kwenye foronya. Mabaki ya kodrai yalikwenda nyumbani na kuwa mifarishi, ile ambayo baadaye wataalamu walikuja kuishangaa. Mpangilio huo ndio wa kuutazama: kazi yenye mnunuzi kwanza, mabaki baadaye, na mabaki yakiwa ya aina moja na mengi.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Amani ya Juu ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1996 na wanawake wachache waliokimbia vita vya nchi za jirani, wakishona vitambaa vya kuwekea sahani. Walianza na meza, si na kitanda, na hilo lina mantiki ya kiuchumi. Mfarishi wa kitanda cha kawaida, mita 1.5 kwa 2, unataka kitambaa karibu mara saba ya kile cha katikati ya meza, na miezi ya kazi kabla ya senti ya kwanza kuonekana. Mtu mwenye mtaji mdogo hawezi kuufungia kwa muda huo. Meza haisikii baridi, na katika nyanda za juu za Gitega nchini Burundi usiku wa Julai kitanda kinastahili kutangulia. Lakini kazi ya meza huisha mapema, huuzwa mapema, na kosa lake hugharimu kidogo. Hiyo ndiyo hoja nzito ya kuanza na kitambaa kidogo. Urembo na mazingira ni hoja za kuongezea.

Swali linalobaki ni mnunuzi. Miradi mingi ya ufundi imewafundisha wanawake wa Afrika Mashariki kushona vitu kwa ajili ya mtalii, na mtalii hakutokea. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu 2019. Ina makumbusho ya taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955, na si mbali nayo kuna ngoma za Gishora. Hata hivyo wageni wanaopita hapo hawatoshi kulisha cherehani za Muyinga. Mradi ukiisha, mashine hubaki imefunikwa kitambaa, ambacho huenda ndicho pekee kilichopata matumizi.

Mnunuzi wa uhakika yuko karibu zaidi, na sebule zetu zinamshuhudia. Ni yule anayevisha mgongo wa kochi kitambaa cha kroshia, akavisha na meza ndogo, redio na runinga. Mtu aliyeona redio inahitaji nguo hatabishana kwamba meza ya chakula iko uchi. Ni familia yenye harusi, inayotaka meza ya maharusi ifanane na mavazi. Na hapa ndipo sare inapoingia: harusi moja, kwaya moja au sherehe moja ya Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi, huvisha watu wengi kitenge kilekile, na mafundi wote wa mji hubaki na vipande vya rangi moja kwa wakati mmoja. Kikundi kinachojua tarehe za harusi kinajua mabaki yake wiki kadhaa kabla. Kinaweza kwenda kwa wenye sherehe kabla ya kukata, kikapatana kwamba vipande vitarudi vikiwa vitambaa vya meza za ukumbi. Ule ugomvi wa fundi na mteja unamalizwa hapohapo, maana mabaki yanamrudia mwenyewe mbele ya mashahidi wote.

Kazi kama hiyo ina wateja wanaojulikana na siku ya kukabidhi. Siku ya kukabidhi, kwa fundi yeyote wa ukanda huu, ni mapinduzi makubwa kuliko mtindo wowote wa vipande.

Kisha bei. Kosa linalojirudia katika vikundi vya kushona ni kuhesabu vitu vilivyonunuliwa peke yake: uzi, sindano, labda mkaa wa pasi. Vipande havihesabiwi kwa kuwa ni "bure", na saa za mwanamke hazihesabiwi kwa kuwa angekuwa nyumbani tu. Angekuwa nyumbani akipalilia, akichota maji na kulea, kazi ambazo hakuna anayezilipia na ambazo zitamngoja arudi. Kitambaa cha meza kilichouzwa kwa bei ya uzi ni msaada ambao mshonaji maskini amempa mnunuzi mwenye meza. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Katika habari hii ni ghali kwa muuzaji.

Basi kipimo ni kimoja, na kinaweza kufanywa kwa penseli kabla ya kukata chochote. Kadiria saa za kitambaa kimoja, kuanzia kufua vipande hadi kufunga utepe. Ondoa kwenye bei gharama ya uzi, bitana na vipande vilivyonunuliwa kwa fundi. Kinachobaki kigawe kwa saa. Kikizidi kile ambacho mikono hiyohiyo ingepata kwa kupinda sketi na kushona sare za shule, shona vya meza, kwa vipande virefu vya pamba, kwa oda. Kikipungua, shona sare, na vipande viende kwenye magoti ya wanafunzi, kazi ambayo vilikuwa vikiifanya vizuri kabla hatujaja na ushauri.